Kompyuta ya Wageni

Nikolina Kancheva aliweka bakuli la supu ya maharage mezani kwa kishindo, mchuzi ukaruka na kulowesha kitambaa alichokifua asubuhi ileile. Hakujali kukifuta. Macho yake yalikuwa kwa binti yake, Ralitsa, aliyekuwa akikata mkate kama mtu asiye na habari.

"Rudia," alisema mama. "Rudia babu yako asikie. Labda mimi masikio yamekwisha."

"Nimesema keshokutwa, Sikukuu ya Mtakatifu Nikola, asiwepo mtu wa kufungua kadi za salamu kwenye kompyuta za kiwanda. Basi."

"Basi! Anasema basi! Baba, umemsikia mjukuu wako?"

Mzee Stamat, aliyefundisha hisabati mpaka mvi zikamfunika kichwa chote, aliweka kijiko chini, akakinyoosha sambamba na ukingo wa meza. Alimtazama mjukuu wake.

Katika mji ule ulio chini ya milima, siku ya jina la mtu, yaani sikukuu ya mtakatifu ambaye jina lake amelibeba, watu huwa hawaalikwi. Mlango huachwa bila kufungwa tangu asubuhi, na ajaye huja. Kumrudisha mwenye kuleta salamu ni tusi linalosimuliwa mpaka Pasaka. Pale kwenye kiwanda cha maziwa, Nikolina alikuwa mmoja wa watu kadhaa waliobeba jina la mtakatifu huyo, na wa kwanza wao alikuwa mkurugenzi mwenyewe, Nikola Barzakov. Ndugu na wateja walioishi mbali hawakuweza kubisha hodi. Wao walituma salamu kwa barua pepe. Zilikuja kadi zenye mishumaa inayowaka, samaki wanaorukaruka na nyimbo za kwaya. Kila mwaka wafanyakazi walizifungua zote, wakaitana kutoka meza hadi meza waje kutazama.

"Kadi moja tu yenye kirusi inatosha, mama," alisema Ralitsa. "Inafunguliwa kwa katibu, inahamia kwako, inahamia kwenye kompyuta ya chumba cha baridi. Chumba cha baridi kikishikwa, jibini lote la mwisho wa mwaka ni chakula cha nguruwe. Malori hayatoki, kwa sababu hata hati za mzigo hatutaweza kuchapa."

"Si mmeweka kinga humo? Si nilikuona unahangaika nayo wiki nzima?"

"Nimeweka. Kinga inavitambua virusi vilivyokwisha kuonekana mahali. Kilichotengenezwa jana haikijui."

"Kwa hiyo shangazi yako Penka ni mwizi? Kila mwaka ananitumia kadi, mwaka huu niirudishe?"

"Shangazi Penka si mwizi. Lakini anapokea vitu asivyojua vilikotoka, na kuvituma kwa watu wote anaowapenda."

"Sikiliza, wewe mtoto!" Nikolina alisimama. "Hata mlevi wa mtaa akija siku ile tunampokea ukumbini. Anavua viatu vyake vya matope, anapewa sapatu, ndipo anakanyaga zulia. Hatumwambii arudi kwao! Wewe unawafungia watu nje kwenye theluji!"

Kisu cha Ralitsa kilisimama katikati ya mkate.

"Sema tena, mama."

"Sisemi tena. Kula."

"Hilo la ukumbini. Sema tena."

Mzee Stamat alikohoa, na wote wawili wakanyamaza. "Mkurugenzi anaijua amri hii yako?"

"Bado, babu. Nilitaka kubandika karatasi mlangoni."

"Karatasi mlangoni hubandikwa na waoga. Kesho utamwambia usoni, umesimama wima. Akikufukuza, atakuwa amemfukuza mtu aliyesimama." Akachukua kijiko chake. "Supu inapoa."


Ralitsa alikuwa mhandisi wa kompyuta kiwandani kwa mkataba wa majaribio, nao ulikuwa unaisha pamoja na mwaka. Alisoma chuo kikuu cha Sofia na angeweza kubaki huko kama wenzake, lakini alirudi kwa ajili ya mama na babu. Kwa hiyo alipoingia ofisini kwa Barzakov hakuingia kama mtu asiye na cha kupoteza. Mkurugenzi alikuwa na mgeni tayari: Vesko Tumbev, mkuu wa mauzo, mwenye sauti ya mnadani na flashi ndogo ya fedha inayoning'inia kwenye funguo zake.

"Aa, daktari wa mafua!" alisema Vesko. "Leo tunachanjwa wapi, mkononi au kwingineko?"

Ralitsa alimgeukia mkurugenzi. Alieleza alichokusudia, naye alikuwa amekibadilisha tangu usiku wa jana. Salamu hazitarudishwa. Barua zenyewe zitasomwa kwenye meza ya kila mtu kama kawaida, ila kilichoambatishwa, kiwe kadi au wimbo, kitazuiwa, kisha kitapelekwa kwenye kompyuta moja kuukuu itakayowekwa koridoni. Kompyuta hiyo haitaungwa na nyingine yoyote kwa waya wala kwa hewa. Itakuwa na modemu yake na printa yake. Hapo ndipo kila kadi itafunguliwa, ichapwe kwa rangi, na mwenye jina apelekewe mkononi.

"Koridoni!" Vesko alipiga paja. "Karibu na choo! Mteja wetu mkubwa anatuma salamu, tunazipokea karibu na choo!"

"Karibu na mlango wa kuingilia," alisema Ralitsa. "Ndipo wageni wote wanapopokelewa."

Barzakov alikuwa mtu mzito, mwenye mikono ya fundi wa jibini, kazi aliyoifanya kabla ya kuvaa tai. Alijikuna shavu. "Mimi na mambo haya hatujuani," alisema. "Lakini najua wateja. Nusu ya mauzo yangu ni watu walionijua kabla sijawa na kitu, na siku hii ndiyo siku wanayonipima. Fanya ukumbi wako. Ila mmoja wao akilalamika kwamba nimemdharau, mmoja tu, usingoje mwisho wa mwaka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mkurugenzi."

"Na mama yake je, naye ataenda?" aliuliza Vesko huku akitabasamu.

"Mama yake ana kazi yake," alijibu Barzakov, lakini alijibu akitazama dirishani, na Ralitsa aliona.

Siku ile nzima Nikolina alilipa gharama ya binti yake. Kwenye chumba cha chai mazungumzo yalikatika alipoingia. Vesko alichungulia mlangoni kwake mbele ya mabinti wa ankara: "Mama Nikolina, leo tunaruhusiwa kupiga chafya, au tumwulize kwanza binti yako?" Mabinti walicheka kichinichini. Nikolina, mwanamke aliyeandika ankara za kiwanda kile tangu zilipokuwa zikiandikwa kwa kalamu, aliendelea kupiga vitufe vyake na shingo ikamwiva kwa aibu.

Jioni hakumsemesha Ralitsa. Alioka mkate wa sikukuu kimya, akamjaza samaki wali na kokwa za jozi, akafungua kabati la marehemu mama yake.


Asubuhi ya Mtakatifu Nikola theluji ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Ralitsa alikuta kompyuta yake kuukuu koridoni imebadilika. Meza iliyokuwa na mikwaruzo ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa maua mekundu. Pembeni kulikuwa na sinia la peremende, mkate wa sikukuu na chupa ya rakia, ile pombe kali ya matunda. Mama yake alikuwa akinyoosha pindo la kitambaa.

"Usinitazame hivyo," alisema Nikolina. "Kama ni kuaibika, tuaibike kwa adabu. Fungua kazi yako."

Salamu zilianza kumiminika. Ralitsa alizifungua moja moja, akazipitisha kwenye printa, na Nikolina, amevaa gauni lake jema, akazibeba kwenye sinia na kuzigawa kwa wenye majina. "Nikolai wa tanuri, shangazi yako wa Ruse anakuombea afya na mke!" "Kolyo wa malori, wenzako wa jeshini wamekutumia kambale mwenye miwani, sijui wamekunywa nini!" Watu walicheka. Mwaka uliopita kila mmoja alitazama kadi yake kwenye kioo na kuisahau. Mwaka huu walizishika mikononi, wakazibandika ukutani juu ya mashine, wakalinganisha. Fundi mmoja aliomba nakala ya pili ampelekee mkewe. Kadi ya shangazi Penka ilikuja pia, na Ralitsa akaikuta safi. Mama aliikunja akaitia kifuani.

Hata Barzakov alitoka ofisini mara mbili kuchukua zake mwenyewe, na mara ya pili alikunywa rakia amesimama pale mezani, akasema mkate ni mzuri.

Ndipo Vesko alipokuja akikimbia, shati limetoka kwenye suruali.

"Mkurugenzi! Kum amekuandikia, nakala imefika kwangu!"

Koridoni watu waligeuka. Kum wa Barzakov alikuwa Gencho Pashev, aliyesimamia ndoa yake na kuwashika wanawe wakati wa ubatizo. Naye ndiye mwenye hoteli kubwa kule juu milimani, aliyenunua jibini na mtindi wa kiwanda majira yote ya baridi. Kum hakatazwi kitu. Kum akikaa kwenye kiti chako, wewe husimama.

"Anasema amekurekodia wimbo," aliendelea Vesko kwa pumzi fupi. "Anasema uufungue mezani kwako, kwa sauti, wote wasikie. Lakini hauonekani. Umezuiwa. Na huyu!" Akamnyoshea kidole Ralitsa.

"Uachie uje kwangu," Barzakov alimwambia Ralitsa. Hakuwa amekasirika bado.

"Nitaufungua hapa, mkurugenzi. Sauti ya hapa ni kubwa."

"Kum hasubiri ukumbini, binti. Ameandika mezani kwangu. Leo jioni ataniuliza niliusikiliza nimekaa wapi, nami sitamdanganya kum. Uachie."

Ralitsa aliinuka. Alikumbuka kunyoosha mgongo. "Hapana, mkurugenzi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Sitaki."

Printa ilimaliza karatasi yake, ikanyamaza. Mtu alivuta pumzi nyuma ya kundi.

"Unajua kwamba ule wimbo ni mbaya?" aliuliza Barzakov, sauti imeshuka.

"Sijui kama ni mbaya. Ndiyo sababu sitaki."

"Unasikia?" Vesko aliwageukia watu. "Hajui! Anamtukana kum kwa jambo asilolijua!"

Barzakov alikuwa amepata rangi ya bitiruti. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga. "Nilikwambia mmoja tu. Chukua koti lako uende nyumbani."

Ralitsa alilichukua koti kwenye ndoano. Alitia mkono mmoja tu, akabaki amelivaa nusu. Mabinti wa ankara walitazama sakafu. Vesko tayari alikuwa anavuta kiti ili akae mbele ya kompyuta ile na kutafuta namna ya kuupeleka wimbo anakotaka yeye.

"Ondoa mkono wako hapo," alisema Nikolina.

Aliliweka sinia chini taratibu, akapita katikati ya watu mpaka mbele ya mkurugenzi. Alikuwa mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima.

"Mkurugenzi, leo ni siku ya jina lako. Ni siku ya jina langu pia. Nimekaa kiwandani hapa tangu ukiwa unachemsha maziwa kwenye sufuria ya shaba, na sikukuu zote hizo sijakuomba zawadi. Leo naomba, mbele ya watu hawa."

Barzakov alihema. Hakuna mtu wa mji ule ambaye angemnyima ombi mwenye siku ya jina lake, hadharani, karibu na mkate wake. "Omba."

"Wimbo wa kum ufunguliwe hapa. Kwenye kitambaa cha mama yangu, na mkate, na kinywaji. Kum akiuliza, mwambie Nikolina aliomba. Lawama nipe mimi. Ukishaisha, tutaondoka sote wawili, mimi na binti yangu, na hutatusikia tena."

"Mama, usi..." alianza Ralitsa.

"Nyamaza. Fungua."

Ralitsa aliinama, mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje, akafungua.

Kwenye kioo alitokea samaki mwenye taji. Zumari ya zurna ikalia, ngoma ikaanza kudunda, wimbo wa harusi unaojulikana na kila mtu pale. Fundi mmoja akaanza kutikisa bega. Barzakov alilegeza tai. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata haki yake na ambaye haifurahii.

"Haya, daktari!" alisema Vesko. "Kirusi kiko wapi? Kinacheza ngoma?"

Samaki alisimama. Muziki ulikatika katikati ya neno. Nyuma yake, kadi zote za asubuhi zilizokuwa zimepangwa kwenye kioo zilianza kubadilika, moja baada ya nyingine: mishumaa ya shangazi wa Ruse ikawa doa jeupe, kambale mwenye miwani akawa doa jeupe, kadi ya Penka ikafuatia. Kisha kioo chote kikawa cheusi, na maandishi mekundu yakajitokeza kwa Kibulgaria kibovu, yakisema kwamba mafaili yote yamefungwa, na ni nani alipwe ili yafunguliwe, na kwamba kuita polisi ni kazi bure.

Halafu, kutoka mwisho wa korido, ilisikika sauti ambayo siku zote hawakuwa wakiisikia kwa kuizoea: printa za ofisi ya ankara, zikitoa hati za mizigo ya alasiri, karatasi juu ya karatasi.

Barzakov alikimbia. Mtu mzito yule alikimbia mpaka chumba cha baridi, wakamfuata, wakamkuta amesimama mbele ya kioo cha vipimo, kidole chake kikipita juu ya kila namba. Baridi ilikuwa ileile ya asubuhi. Madebe ya jibini yalikuwa yamepangwa mpaka darini.

"Hapa hakijafika," alisema.

"Hakina njia ya kufika," alisema Ralitsa nyuma yake. "Kiko peke yake kule koridoni. Hakina wa kumwambukiza."

Mkurugenzi alichomoa simu, akaiweka sauti ya wazi bila kukusudia.

"Gencho! Heri ya sikukuu. Umenitumia wimbo?"

"Wimbo gani?" Sauti ya kum ilikuwa imekauka. "Mimi nina wimbo? Hoteli yangu imekufa tangu jana, Nikola! Kompyuta zote nyekundu, na barua zinajituma kwa jina langu. Sijui nani kalala chumba gani, sijui nani kalipa. Huku wageni wanapiga meza, huku mpishi analia. Niko njiani nakuja kwako na samaki, angalau nile na mtu anayenipenda."

Simu ikakatika. Vesko Tumbev alichomoa ile flashi ya fedha kwenye funguo zake, akatembea nayo mpaka koridoni akiishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, na kuilaza kwenye sinia katikati ya peremende.

"Hii nayo uitazame," alimwambia Ralitsa aliyemfuata, kwa sauti ndogo. "Nimekuwa nikiichomeka kila mahali."

"Najua, bwana Vesko," alisema Ralitsa. "Harufu yake naipata kila Jumatatu, ninapofuta virusi ilivyoviacha."

Kicheko kililipuka koridoni, na Vesko mwenyewe akalazimika kucheka.

Barzakov alirudi polepole. Alimkuta Ralitsa bado na koti nusu, akichomoa nyaya za ile kompyuta iliyokufa.

"Vua koti," alisema.

"Uliniambia nilichukue."

"Sasa nakuambia ulivue."

Ralitsa alisimama wima. "Nilivue kwa leo, mkurugenzi, au mpaka mwisho wa mwaka, au nilivue kabisa?"

Mkurugenzi aliwatazama watu wake: mafundi wenye aproni nyeupe, madereva, mabinti wa ankara, kadi zao mikononi. Yeye alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja. "Kabisa," alisema. "Mkataba wa kudumu. Na nilichokisema hapa mbele ya watu nakifuta hapahapa mbele ya watu. Nilikosea."

"Wa kudumu," alirudia Nikolina kwa sauti ya kuita sokoni. "Mashahidi mmesikia?"

"Tumesikia!" walijibu madereva.

"Na wewe, Nikolina, ulisema utaondoka," alisema mkurugenzi.

"Nilisema wimbo ukishaisha. Haukuisha, ulikatika." Akachukua chupa. "Nani hajapata rakia?"

Katika zogo lile alipata nafasi ya kupiga simu nyumbani. "Baba, ongeza sahani. Nafikiri kiwanda kizima kinakuja." Akamsimulia kwa haraka, maneno yakipandana. Mzee Stamat alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: mtoto alipolisema lile neno "sitaki", alikuwa amekaa au amesimama? Aliposikia jibu, alisikika akipenga kamasi kwa kishindo. "Theluji," alisema. "Nilikuwa nje."


Kabla malori ya alasiri hayajawashwa, gari la kum liliingia uani likiyumba. Gencho Pashev alishuka, theluji kwenye masharubu, samaki mkubwa aliyefungwa karatasini mkono mmoja, na kompyuta yake ya mkononi chini ya kwapa la pili. Watu walimpisha njia. Barzakov alimpokea mlangoni, wakakumbatiana, wakabusiana mashavu, samaki akibanwa katikati yao.

"Nikola, ndugu yangu, niokoe," alisema kum. "Nimeileta hii. Niichomeke kwako kidogo tu nione kama kuna kitu kimebaki." Akataka kupita.

Barzakov hakusogea. Aliujaza mlango wote.

"Samaki aingie," alisema. "Wewe uingie, kiti changu ni chako. Hiyo ibaki nje."

Kum alidhani hakusikia vizuri. "Nikola! Mimi ni kum wako!"

"Ndiyo. Na huyu ndiye mhandisi wangu." Mkurugenzi alijisogeza pembeni kidogo ili Ralitsa aonekane. "Mimi hapa siamui. Muulize yeye."

Gencho Pashev, aliyezoea kufunguliwa milango kabla hajaigusa, alimtazama msichana yule aliyesimama kwenye korido, mikono imejaa vumbi la mashine. Alivua kofia yake.

"Binti," alisema, "unaniruhusu?"

"Iweke kwenye kile kiti cha nje, mzee, na usiiwashe," alijibu Ralitsa. "Njoo ule kwanza. Baadaye nitapanda nawe mpaka hotelini, tuone kilichopona."

Kum aliiweka. Nyuma yake uani lori la kwanza lilipiga honi na kutoka getini likiwa limejaa jibini, la pili likafuata, na la tatu, mpaka theluji ya njiani ikageuka matope.